Je, Wajua? Upepo Hautozi, Mita Inatoza

Je, wajua kuwa ujumbe wa tokeni unaoingia kwenye simu yako nchini Kenya hugawa pesa zako mafungu mawili? Fungu la kwanza ni la uniti zenyewe. La pili ni "makato mengine", na humo ndimo sera zilimojificha: gharama ya mafuta ya mitambo, kupanda na kushuka kwa dola, mfumuko wa bei, ada ya maji ya mabwawa, asilimia 5 ya kupeleka stima vijijini, kisha VAT ya asilimia 16. Wengi hutazama uniti tu na kufuta ujumbe. Usiufute.

Je, wajua nani hulipia ukame? Wewe. Mabwawa ya Mto Tana yakipungua maji, jenereta za mafuta huwashwa, na bei ya mafuta hayo hupitishwa kwa mteja. Dola ikipanda, vivyo hivyo. Viwango hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, gazeti ambalo hakuna kinyozi anayeliweka kwa wateja wake.

Je, wajua kuwa mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kutoa stima mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15 tu? Kilichochelewesha upanuzi si ukosefu wa mvuke. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na unaweza kuchimba usipate kitu. Mwekezaji gani binafsi atacheza kamari hiyo? Mwaka 2008 serikali iliunda kampuni ya umma, GDC, ili ibebe hatari ya uchimbaji. Leo jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya, mvua inyeshe isinyeshe. Kwangu mimi, hii ndiyo sera bora ya kumlinda mteja ambayo Kenya imewahi kuitunga, ingawa neno "mteja" halitajwi sana inapozungumzwa.

Je, wajua kuwa Wakenya waliwahi kulipia upepo ambao haukuwasha hata balbu moja? Hili tulitazame kwa makini. Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Ilikuwa imesimikwa yote mwaka 2017. Laini ya kuifikisha stima kwenye gridi huko Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la serikali, na kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi hiyo ilifilisika ikiwa njiani. Laini ilikamilika Septemba 2018. Lakini mkataba ulikuwa umeshatiwa saini: mitambo ikiwa tayari na laini haipo, umeme huhesabiwa kana kwamba umezalishwa. Ni sawa na kukodi matatu ya harusi. Imefika mlangoni, usipopanda ni shauri lako, nauli utalipa. Nauli yenyewe ilikuwa mabilioni ya shilingi. Benki ya Dunia ilijitoa kwenye mradi huo mwaka 2012, ikihofia hasa kwamba Kenya ingelipia umeme isioweza kuutumia.

Na ardhi? Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kuwa hatimiliki za ekari 150,000 za mradi huohuo zilipatikana bila kufuata sheria. Kawi safi nayo huweza kuwa na makaratasi machafu.

Je, wajua kuwa mwaka 2018 bei nafuu ya wasiojiweza ilimfikia kila aliyetumia hadi uniti 100 kwa mwezi? Aprili 2023 kikomo kilishushwa hadi uniti 30. Balbu, televisheni na kuchaji simu zinatosha humo. Friji ikiingia, umevuka. Na kwa kuwa hesabu hufanywa kwa wastani wa miezi mitatu, wageni wa Desemba wanaweza kukupandishia bei hata Februari.

Je, wajua kuwa paneli za jua ziliwahi kuondolewa msamaha wa VAT mwaka 2020, kisha zikarudishiwa mwaka 2021? Aliyenunua katikati, pole.

Je, wajua kuwa unaweza kuiuzia gridi jua lako? Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu. Kanuni zake zilitoka 2024, miaka mitano baadaye. Mtambo usizidi megawati 1, na kwa kila uniti mbili unazopeleka unahesabiwa moja. Hulipwi pesa taslimu.

Ujerumani ilianza kwa ukarimu zaidi. Sheria yake ya mwaka 2000 ilimhakikishia mwenye paneli bei maalumu kwa miaka 20, na gharama ikawekwa kwenye bili za watumiaji. Viwanda vikubwa vilipunguziwa mzigo, nyumba za kawaida zikaubeba: mwaka 2017 tozo ilifika karibu senti 7 za yuro kwa uniti. Ilifutwa Julai 2022, gharama ikahamia bajeti ya serikali.

Uhispania? Iliahidi bei nono mwaka 2007, kuanzia 2010 ikaikata hata kwa waliokwisha kujenga. Kesi zake zimeendelea miaka na miaka.

Tanzania nayo, mwaka 2020, iliagiza wenye gridi ndogo za vijijini watoze shilingi 100 kwa uniti, sawa na shirika la umeme la taifa, TANESCO, hali wao walikuwa wakitoza mara kadhaa ya hapo. Mwanakijiji alifurahi. Mwekezaji alifunga mkoba. Anayetaka haki kwa wote wawili lazima aseme ruzuku itatoka wapi, na agizo lile halikusema.

Je, wajua kuwa tangu 2012 fundi wa sola Kenya hutakiwa awe na leseni, yenye madaraja kama T1, T2 na T3? Kabla hajapanda juu ya paa, mwambie akuonyeshe.

Je, wajua kuwa Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya huduma bora na ya kujua unacholipia? Ukiwa na lalamiko, anza kwa kampuni ya umeme; ukipuuzwa, nenda kwa mdhibiti wa nishati, EPRA; usiporidhika, lipo baraza la rufaa la nishati na petroli. Tanzania kuna mdhibiti wake, EWURA, na baraza la watumiaji, EWURA CCC. Na bei mpya zikipendekezwa, EPRA huita wananchi watoe maoni. Barua yako haihitaji wakili wa kuiandika.