Nyumba ya Mpala na Wenyewe

Mtu aonapo nyumba ya kale, iwe hapa kwetu Naviundu au penginepo, huuliza: Aliijenga nani? Yafaa kuuliza pia: Wametoka watu gani humo? Leo twauliza hayo juu ya nyumba ya Mpala, iliyo mbali kaskazini ya Lubumbashi, kando ya ziwa Tanganyika, penye mlango wa mto Lufuko. Zamani ilihesabiwa katika Katanga; tangu 2015 imo katika jimbo la Tanganyika.

Mwaka 1883 afisa wa Kibelgiji, Émile Storms, alivuka ziwa kutoka Karema. Chifu Mpala alichanjiana naye undugu, akampa mahali, na hapo likajengwa boma. Hata leo mahali pale pana jina la mwenye nchi, wala si la mjenzi.

Lakini boma hilo liliona damu. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walimwua chifu Lusinga, mwenye nguvu na mfanya biashara ya watumwa, wakamkata kichwa. Storms alikichukua kichwa hicho, akaenda nacho Ubelgiji. Hatuna ruhusa ya kulificha jambo hili. Adui naye ni kiumbe cha Mungu, na maiti yake yastahili kaburi.

Mwaka 1885 boma likakabidhiwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, likawa misioni. Wateka watumwa walikuwa wangali wakizunguka. Kwa hiyo mwaka 1887 akaja Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, ili awalinde wanyonge. Yeye hakurudi kwao: mwaka 1888 alimwoa binti wa nchi, akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1927.

Humo Mpala mapadre walifungua shule, na miongoni mwa wanafunzi alikuwamo kijana Mtabwa, Stefano Kaoze. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambayo sasa ni Moba, alipewa upadre, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji.

Basi, chifu alitoa ardhi, askari akajenga, mapadre wakafundisha. Na mwisho mwana wa nchi akasimama altareni. Enyi wazazi, nyumba zenu ni ndogo, lakini humo pia mtoto aweza kulelewa hivyo.