Mistral: Mwandiko wa Mkono Uliosubiwa kwa Risasi

Anayepita katika miji ya kusini mwa Ufaransa ni vigumu asiuone mwandiko huu. Umo juu ya milango ya mikahawa na maduka ya mikate, herufi zimeshikana kana kwamba mwenye duka ameziandika mwenyewe kwa brashi asubuhi ile ile. Sivyo. Ni herufi za chapa ziitwazo Mistral, zilizochorwa na Roger Excoffon na kutolewa mwaka 1953 na kiwanda cha Fonderie Olive cha mjini Marseille. Jina ni la upepo mkali wa baridi unaoteremka bonde la mto Rhône kuelekea bahari ya Mediterania.

Excoffon aliufanya mwandiko wake mwenyewe kuwa kiolezo. Ugumu ulikuwa katika risasi. Zama hizo kila herufi ilisubiwa peke yake juu ya kipande cha madini, na mpiga chapa akazipanga moja baada ya nyingine. Mkono wa mtu, kinyume chake, huunganisha. Ili a ikutane na r, na r ikutane na i, pasipo pengo, ilimlazimu kuuleta mkia wa kila herufi ukingoni mwa kipande, mahali ambapo herufi yoyote ifuatayo ingeupokea. Kosa la unene wa unywele lingeonekana kama ufa. Tena, lau zote zingelingana mno, udanganyifu ungefichuka. Kwa hiyo nyingine hupanda, nyingine hushuka, na kingo zake zina ukwaruzo kama wa wino unaokaribia kukauka. Ni hesabu kali iliyovikwa vazi la uzembe.

Baadaye Mistral iliingia katika kompyuta, ikasambazwa pamoja na programu za Microsoft Office, na tangu hapo kila mwenye printa ameweza kuitumia. Mwaka 2011 filamu ya Marekani, Drive, iliandika majina yake kwa Mistral ya rangi ya waridi, na vijana wengi wakadhani ni kitu kipya.

Lakini urahisi huo una gharama. Herufi kubwa za Mistral hazikuundwa kushikana. Neno lililoandikwa kwa hizo tupu husomeka kwa taabu. Zikipunguzwa ukubwa, n na u hukaribia kufanana. Kwa mzaliwa wa lugha hiyo si tatizo, kwani hulikisia neno zima. Mgeni anayesoma kwa lugha ya pili, herufi kwa herufi, hana msaada huo, na tangazo la saa za zahanati laweza kumpotezea siku nzima.

Ndiyo maana wachapaji waangalifu huiachia Mistral neno moja au mawili ya juu. Saa, anwani na namba ya simu huandikwa chini yake kwa herufi za kawaida, zilizosimama kila moja peke yake.