Lifti ya Mgonjwa na Hesabu ya Kodi

Mgonjwa wa moyo nchini Marekani anaambiwa na daktari aache kupanda ngazi. Anaweka lifti nyumbani kwake kwa dola 8,000. Mthamini anakuja, anakagua, anasema nyumba imepanda thamani kwa dola 4,400. Basi kwa Mamlaka ya Kodi, IRS, gharama ya matibabu ni dola 3,600 tu. Zilizobaki hazijapotea, kwani siku akiuza nyumba zitamrudia.

Mfano huo umewahi kutolewa na IRS yenyewe katika Chapisho namba 502. Ujenzi unaofanywa kwa sababu ya maradhi au ulemavu hupunguza pato linalotozwa kodi, ila kile kilichoongeza thamani ya nyumba hutolewa kwanza. Kwa hiyo vinavyofaidi ni vitu ambavyo havivutii mnunuzi: njia ya mteremko mlangoni, milango iliyopanuliwa ili kiti cha magurudumu kipite, vyuma vya kujishikia bafuni, kabati za jikoni zilizoshushwa. Gharama yake kwa kawaida huhesabiwa yote. Hata mpangaji aliyejijengea bafu la chini kwa ushauri wa daktari, bila mwenye nyumba kuchangia, anaruhusiwa.

Anasa ndiyo huzua kesi. Mwaka 1978 mahakama ya rufaa mjini Chicago ilisikiliza shauri la familia iliyojenga bwawa la kuogelea la karibu dola 195,000 kwa ajili ya mama mwenye maradhi ya uti wa mgongo. Haja ya kuogelea haikupingwa. Majaji walichokataa ni kumbebesha mtoza kodi gharama ya urembo. Wakasema ihesabiwe bei ya bwawa la kutosha tu.

Kisha kuna kizingiti, na hapa wengi hukwama. Kinachopunguzwa ni gharama za matibabu zinazozidi asilimia 7.5 ya pato. Mwenye pato la dola 60,000 aliyetumia 9,000 hubaki na 4,500. Tena lazima aorodheshe makato yake moja moja badala ya kuchukua punguzo la jumla, ambalo kwa asiye na mwenzi lilikuwa dola 15,750 mwaka 2025. Anayelipa riba kubwa ya mkopo wa nyumba huweza kulivuka. Mstaafu aliyemaliza mkopo zamani, ambaye ndiye hasa anayehitaji vyuma bafuni, mara nyingi halifikii, labda ujenzi wote na bili za hospitali viangukie mwaka mmoja.