Leseni ya Kimataifa ya Urubani Haipo

Swali limekuja tena, na kama kawaida limeletwa na mzazi aliyekwisha kupata mnunuzi wa ekari zake huko Moiben: mtoto aende Marekani au Kanada, ili arudi na leseni ya kimataifa? Nimelijibu kwa upole hadi nimechoka. Leseni ya kimataifa haipo. Wakala anayeinadi anauza hewa.

Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinataka rubani wa ndege inayovuka mipaka awe na leseni iliyotolewa, au kuidhinishwa, na nchi iliyosajili ndege hiyo. Tazama ubavu wa ndege kuelekea mkiani: 5Y ni Kenya, 5H Tanzania, 5X Uganda, A6 Falme za Kiarabu. Herufi hizo ndizo zinazoamua nani aketi pale mbele, wala si jina la chuo alikosoma. Na ukishakuwa na leseni ya nchi iliyosajili ndege, mataifa mengine yanakupokea. Tangu Oktoba 2018 marubani wa Kenya Airways wanatua New York kwa leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Mnataka ukimataifa gani zaidi ya huo?

Sasa mtazameni kijana aliyesomea Florida. KCAA haimpi leseni ya kwetu kwa kuonyeshwa tu ile ya Marekani. Kuna uhakiki wa karatasi, ukaguzi wa afya, mitihani ya darasani na ya angani, na yote yanalipiwa. Kisha aje aruke Eldoret, kwenye uwanja ulio takriban futi 7,000 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi. Cessna ileile iliyonyanyuka upesi kule pwani, hapa inakimbia mbali zaidi kabla ya kuacha lami, kisha inapanda polepole, hasa jua la adhuhuri likiwaka. Aliyejifunzia Uwanja wa Wilson, Nairobi, takriban futi 5,500, ameyazoea hayo kabla ya kupata leseni.

Mawakala hupenda kumtaja Irene Koki Mutungi, nahodha wa Dreamliner. Ni kweli alisomea Oklahoma City. Wasilosema ni kwamba alianzia Wilson.

Wengine huahidi kazi hukohuko Marekani. Huu ndio uongo unaoniudhi kuliko wote. Tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kule anatakiwa, kwa kawaida, awe na saa 1,500 za kuruka. Mmarekani huzikusanya kwa kufundisha wanafunzi. Mtoto wenu mwenye viza ya mwanafunzi ya M-1 haruhusiwi kubaki akifanya kazi hadi azifikishe. Baada ya sakata la masomo ya Finland na Kanada lililoumiza wazazi wa Uasin Gishu, nilitarajia tungekuwa tunawabana mawakala kwa maswali.

Njia zenyewe ni hizi. Kwanza cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA, kabla ya kuuza hata ndama. Miwani si kizuizi iwapo macho yanafikia kipimo ukiivaa. Digrii si sharti. Wilson ndiko kwenye shule nyingi: leseni ya binafsi kwa saa zisizopungua 40, kisha ya biashara kwa 200, au 150 ukifuata kozi moja mfululizo iliyoidhinishwa. Ongezeni kibali cha injini mbili na cha kuruka kwa kutegemea vyombo wakati mawingu yamefunga; bila hivyo usaili hauji. Soroti, chuo kilichoanzishwa 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, kiko karibu kwa njia ya Malaba na Mbale, ila leseni ya Uganda nayo itabidi ibadilishwe. Ethiopian wana chuo Addis Ababa. Anayetaka Jeshi la Anga aombe ukadeti, ambao mafunzo yake ya uofisa ni Lanet, si Moi Barracks ya Eldoret. Kazi ya kwanza huenda ikawa kiti cha kulia cha ndege ndogo aina ya Caravan inayopeleka watalii Mara, na hapo ndipo saa 1,500 za kufikia unahodha wa ndege kubwa zinapoendelea kukusanyika.

Popote mtakapochagua, lipeni kwa awamu, kadiri saa zinavyorukwa. Shule inayodai ada yote kabla mtoto hajapanda ndege, ondokeni.