NASABA ZA NYANZA KUSINI: ZAPIMWAJE?

Katika nchi iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo tangu mwaka 2013 ina serikali mbili, yaani Kaunti ya Homa Bay na Kaunti ya Migori, si jambo geni kumkuta mzee awezaye kutaja majina ya babu zake kumi, mmoja baada ya mwingine, bila kusita. Hakuyasoma katika kitabu. Aliyasikia jioni kwa baba yake, naye baba aliyasikia kwa babu.

Maarifa hayo si pambo la mazungumzo. Nasaba huamua mambo mawili makubwa. La kwanza ni ndoa, maana kwa desturi ya Wajaluo kijana haruhusiwi kuoa katika ukoo wa baba yake wala miongoni mwa jamaa wa karibu wa mama yake. La pili ni ardhi, maana mwenyeji hujulikana kwa babu yake, na mgeni aliyekaribishwa, aitwaye jadak, hujulikana vilevile kwa babu yake. Basi ikiwa jina moja limepotea, au limeongezwa, mtu aweza kunyimwa mchumba au kunyimwa shamba. Kwa sababu hiyo yafaa kila mtu ajue jinsi nasaba inavyopimwa.

Majina ya nchi ni majina ya watu

Msafiri atokaye Kendu Bay kwenda mpaka wa Tanzania hupita katikati ya majina ya watu waliofariki zamani sana. Karachuonyo maana yake ni kwa Rachuonyo, kwa kuwa "ka" ya Kijaluo ni kama "kwa" ya Kiswahili. Kanyada, Kanyamwa, Kanyamkago na Kadem ni majina yaliyojengwa kwa namna ile ile. Ukoo wenyewe huitwa dhoot, na maana ya neno hilo ni mlango wa nyumba. Waswahili nao husema "mlango" wakitaka kutaja tawi la ukoo, na hapo lugha mbili zisizo na asili moja zimekutana katika wazo moja.

Juu ya majina hayo yote limekaa jina la Ramogi, anayetajwa kuwa baba wa Wajaluo wa Kenya. Kilima kinachoitwa kwa jina lake kiko Yimbo, katika Kaunti ya Siaya. Wanahistoria hukadiria ya kwamba makundi ya kwanza yalifika huko kati ya karne ya 15 na ya 16, na kwamba makundi mengine yalivuka Ghuba ya Winam kuingia Nyanza Kusini baadaye, katika karne ya 17 na ya 18. Makadirio hayo hayakutoka katika barua za zamani, maana hazikuwako. Yametoka katika nasaba zilizokusanywa kwa wazee na kulinganishwa. Paul Mboya, aliyekuwa Chifu wa Karachuonyo, aliandika desturi za Wajaluo katika kitabu kilichotoka mwaka 1938. Baadaye Bethwell Ogot alitoa historia ya Wajaluo wa kusini mwaka 1967, na Henry Ayot akatoa historia ya Wasuba mwaka 1979.

Ufalme uliogombewa kwa nasaba

Wako wadhanio ya kwamba kuhesabu babu ni desturi ya Waafrika peke yao, na ya kwamba Wazungu walikuwa na maandishi tangu mwanzo. Sivyo. Uskochi, nchi iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, ilikuwa na koo kubwa zilizojiita kwa majina ya babu zao. Neno "Mac" katika lugha yao ya zamani maana yake ni mwana. Jamaa wa MacDonald hujiita hivyo kwa sababu ya Donald, mjukuu wa mtawala Somerled aliyeuawa mwaka 1164.

Mwaka 1286 Mfalme Alexander wa Tatu wa Uskochi alikufa kwa kuanguka na farasi usiku. Mrithi wake alikuwa mjukuu wake, mtoto wa kike, naye akafa mwaka 1290. Watu kumi na watatu walijitokeza kudai kiti, na Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza akaombwa kuamua. Wawili miongoni mwao walikuwa na nguvu kuliko wengine, na wote wawili walitoka kwa mzee mmoja, David, aliyekuwa ndugu wa wafalme wawili. John Balliol alikuwa mjukuu wa binti wa kwanza wa David. Robert Bruce alikuwa mwana wa binti wa pili. Balliol alisema: "Nyumba yangu ndiyo kubwa." Bruce alisema: "Mimi niko karibu zaidi na mzee kwa kizazi kimoja." Mwaka 1292 ikaamuliwa ya kwamba nyumba kubwa hushinda, na Balliol akapewa ufalme. Lakini ugomvi haukwisha, na mwaka 1306 mjukuu wa Bruce, naye akiitwa Robert, alitwaa kiti hicho.

Mzee yeyote wa Ndhiwa au wa Uriri angeelewa shauri hilo mara moja, maana nyumba ya mke wa kwanza, Mikayi, na nyumba za wake wa baadaye zina daraja zao katika kila boma la Kijaluo. Tena kuna fundisho la pili. Mmoja wa wadai wale kumi na watatu alitegemea hati ambayo wanahistoria wengi huiona kuwa ni ya kughushi. Basi maandishi peke yake si ukweli. Nasaba iliyoandikwa yapasa kupimwa kama ile iliyosemwa.

Makosa yaingiavyo

Mzee aweza kusema kweli yote aijuayo, na hata hivyo nasaba yake ikawa na kosa. Makosa ya kawaida ni matatu.

Kosa la kwanza ni majina kupotea. Watu hukumbuka babu mwanzilishi, na hukumbuka babu watatu au wanne wa karibu, bali wale wa katikati ambao hawakuhama wala kuacha sifa husahauliwa. Nasaba hufupishwa kama kamba iliyokunjwa.

Kosa la pili ni majina kurudiwa. Mjaluo huitwa Otieno kwa kuwa alizaliwa usiku, au Odhiambo kwa kuwa alizaliwa jioni, na tena hupewa jina la jamaa aliyekufa. Kwa hiyo jina moja laweza kutokea mara tatu katika mstari mmoja. Msikilizaji asiyeangalia atadhani watu watatu ni mmoja, au atadhani mmoja ni watatu. Vilevile ndugu wawili huweza kutajwa kana kwamba ni baba na mwana.

Kosa la tatu ni kupandikiza. Jamaa wa kigeni wakikaa na wenyeji kwa miaka mingi, wakasema lugha yao na kuzika wafu wao hapo, wajukuu wao huweza kutajwa kuwa wana wa mwenyeji. Jambo hili lilitokea sana kando ya ziwa, ambako Wasuba wengi waliacha lugha yao wakashika Kijaluo. Hakuna aibu katika hilo, wala si uongo wa mtu mmoja. Lakini atafutaye ukweli lazima atofautishe undugu wa damu na undugu wa ujirani.

Vipimo vinne

Kipimo cha kwanza ni matawi. Nasaba ya mtu mmoja isipimwe kwa mtu huyo wala kwa mwanawe. Aulizwe mzee wa nyumba nyingine iliyotengana nao zamani. Kama matawi mawili yasiyoketi pamoja yanataja majina yale yale mahali yalipoachana, majina hayo yana nguvu. Afadhali zaidi ni ushahidi wa jirani ambaye hana faida katika jambo hilo.

Kipimo cha pili ni akina mama. Katika boma la wake wengi, kila nyumba ilijulikana kwa mama, na mara nyingi tawi la ukoo huitwa kwa jina lake. Atajaye baba peke yake huwachanganya wana wa nyumba mbili. Tena ukoo wa mama huwa na nasaba yake, na nasaba hizo mbili zikikutana katika ndoa moja, moja huipima nyingine.

Kipimo cha tatu ni hesabu ya miaka. Kwa kawaida kizazi kimoja hukadiriwa kuwa miaka 25 hadi 30. Mzee aliyezaliwa mwaka 1900, akitaja babu kumi kwa kufuata mstari wa baba, anafika kwa mtu aliyezaliwa kati ya mwaka 1600 na 1650. Tofauti ya miaka 50 ni kubwa, na huzidi pale ambapo mtu alizaliwa na mke wa mwisho wakati baba alikwisha kuwa mzee. Kwa hiyo hesabu yahitaji kufungwa kwenye tukio lijulikanalo mahali pengine.

Wasuba wanatupa mfano mzuri. Baadhi ya koo za Mfangano na Rusinga husimulia ya kwamba babu zao walikimbia Buganda kwa mitumbwi, baada ya Kabaka Junju kuuawa katika vita na nduguye Semakokiro. Waganda nao walishika orodha ya wafalme wao, na Sir Apolo Kaggwa aliipiga chapa mwaka 1901. Mambo hayo huwekwa katika nusu ya pili ya karne ya 18. Basi Msuba aliyezaliwa karibu na mwaka 1930 yampasa kuwa na vizazi sita au saba hivi mpaka kwa yule aliyevuka ziwa. Akitaja vitatu tu, majina yamepotea. Akitaja kumi na tano, ama ndugu wamehesabiwa kuwa baba na mwana, ama nasaba mbili zimeunganishwa.

Kipimo cha nne ni ardhi yenyewe. Mahame, makaburi na mabaki ya maboma ya zamani huonyesha ni wapi watu walikaa. Lililo maarufu kuliko yote ni Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikanisha, ambalo mwaka 2018 liliandikwa katika Urithi wa Dunia. Lakini hapa pia yatakiwa hadhari. Thimlich Ohinga ilikaliwa na watu mbalimbali kwa zamu, wenye lugha za Kibantu na wenye lugha za Kiniloti. Aliyekaa mwisho si lazima awe ndiye aliyejenga.

Nasaba mbele ya kamati ya ardhi

Zamani, ugomvi wa shamba ulipotokea, wazee walikaa chini ya mti na kusikiliza nasaba za pande zote. Sheria ya Kuamua Haki za Ardhi ya mwaka 1968 haikuondoa jambo hilo. Iliweka kamati ya watu wa mahali penyewe, wajuao desturi, ili wasaidie kuamua shamba ni la nani kabla ya kuandikwa katika daftari. Daftari likiisha kutangazwa, asiyeridhika hupewa siku 60 za kutoa pingamizi.

Siku 60 si nyingi. Hazitoshi kumtafuta shangazi aliyeolewa Karungu, wala kumzindua mzee aliyekwisha kuzikwa. Wanaoumia upesi ni wale ambao hakuna awasemeaye: wajukuu wa jadak, watoto wa mjane, na binti aliyerudi kwao. Haki yao huwa imehifadhiwa katika kichwa cha mzee mmoja, na siku afapo, haki hiyo hufa naye.

Kwa hiyo kila jamaa ifanye kazi hii wakati wazee wangali hai. Litafutwe daftari, na mwenye mwandiko mzuri akae na mzee. Aandike jina la kila mtu pamoja na jina la baba, la mama, na la ukoo wa mama. Aandike alikozaliwa, alikohamia na alikozikwa. Aandike binti pamoja na wana, na walikoolewa. Mgeni aliyepokewa aandikwe kuwa mgeni aliyepokewa, pamoja na jina la aliyempokea na ardhi aliyopewa, kwa maana ukweli huo utawalinda wajukuu wake kuliko nasaba ya kubuni. Wazee wawili wakitofautiana, maneno ya wote wawili yaandikwe, kila moja na jina la msemaji na tarehe, wala mwandishi asichague lile limpendezalo.

Mwisho, daftari lisomwe mbele ya jamaa wote, na wa matawi mengine waalikwe. Atakayekuwa na neno alitoe hapo hapo, wakati wazee wangalipo kumjibu. Nakala ziwe mbili au zaidi, kila moja katika nyumba yake, maana nyumba huungua na mchwa hawachagui karatasi.