Fahamu: Nyanya "inayostahimili magonjwa" hupimwaje?

Mkulima wa Mapinga, Bagamoyo, akisoma "inastahimili magonjwa" kwenye pakiti ya mbegu, aulize: ugonjwa upi, na ilijaribiwa wapi?

Chukua Tengeru 97, aina iliyotolewa mwaka 1997 baada ya utafiti wa Tengeru, Arusha. Inastahimili mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu wa udongoni anayeziba mishipa ya maji ya mmea. Sifa hiyo haiizuii kuugua bakajani, ugonjwa unaounguza majani.

Jaribio la maana hupanda aina kadhaa kwenye vipande vya shamba vilivyorudiwa, pamoja na aina inayojulikana kuwa dhaifu. Hiyo dhaifu ndiyo shahidi. Isipougua, ugonjwa haukufika shambani na jaribio zima halijasema kitu. Kisha, kwa bakajani, sehemu ya majani iliyoungua hukadiriwa kwa asilimia, tena na tena, kwa sababu kasi ya ugonjwa ina uzito zaidi kuliko hali ya siku moja. Mavuno nayo hupimwa. Mche wenye afya usiozaa haumlipi mtu.

Bakajani chelewa hupenda ubaridi wenye unyevu, kama wa nyanda za juu. Bakajani tangulia na fuzari hustawi kwenye joto, yaani huku pwani. Matokeo ya Arusha pekee hayatoshi Bagamoyo.

Mche ukinyauka ungali kijani, kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ikitoka michirizi myeupe kama maziwa, huyo ni bakteria, na mbegu ya kustahimili fuzari haitakusaidia.