Seli Zinazoitwa Daudi

"Mwanangu, hizo dawa za saratani walianza kuzijaribu kwa nani?" Bibi mmoja aliniuliza hivyo nilipokuwa nikimchoma kidole mjukuu wake. Nafanya kazi katika maabara ya zahanati hapa Ilembo, Mpanda mjini, na muda wangu mwingi hupita kwenye darubini nikitafuta vimelea vya malaria. "Walianza na panya, bibi," nikamjibu. "Siku hizi wengi huanza na seli, na baadhi ya seli hizo zimetoka kwetu."

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa saratani kwenye taya unaowapata watoto wa ukanda wenye malaria. Desemba 1963 kipande cha uvimbe huo kilisafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe kwenda London. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester, na kipande kikamfikia mtafiti Anthony Epstein kimechelewa, majimaji yake yametibuka kama yaliyoingiwa na bakteria. Epstein hakukitupa. Alitazama kwa darubini, akaona seli hai zikielea. Basi zingeweza kukuzwa chupani!

Mwaka 1967 ikafika zamu ya kijana Mwafrika wa miaka 16, mwenye uvimbe huohuo kwenye tundu la jicho. Daktari Peter Clifford wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, alishirikiana na watafiti Eva na George Klein wa Stockholm, na seli za kijana huyo zikaitwa Daudi. Zinaishi hadi leo katika maabara za dunia nzima. Natamani wanafunzi wetu wa baiolojia wafundishwe jina hilo kabla ya majina ya maprofesa.

Ili kujaribu dawa, seli kama hizo huwekwa kwenye joto la nyuzi 37, ndani ya mlo wa sukari, chumvi na vitamini. Mtafiti huzigawa kwenye vishimo vidogo, akatia dawa kwa viwango tofauti. Baada ya siku mbili tatu hutia rangi ya bluu: seli hai huikataa, iliyokufa huipokea. Kisha anahesabu, kama mimi na slaidi zangu.

Kuna mahali ambapo panya wa kawaida hasaidii kabisa. Rituximab, kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hushika alama ya CD20 kwenye seli za binadamu, lakini haishiki ile ya panya. Seli za Daudi zina alama hiyo, kwa hiyo hutumika sana kupima kingamwili za aina hii. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani nayo, iliyokuwa ikichuja dawa kwa panya wenye leukemia, mwaka 1990 ilihamia kwenye aina 60 za seli za saratani za binadamu.

Hata hivyo, chupa haina ini la kuibadili dawa, wala moyo wa kudhurika. Rituximab yenyewe ilijaribiwa kwa kima pia. Na mlo wa seli mara nyingi huongezwa majimaji ya damu ya ndama aliye bado tumboni mwa mamaye, jambo linaloniumiza. Wapo wanaotengeneza mlo usiohitaji mnyama, nami nawaombea wafanikiwe.

Uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na kasi hiyohiyo huufanya usikie dawa vizuri ukiwahiwa. Mtoto akivimba taya au meno yakilegea bila sababu, usingoje mpunga uvunwe. Mlete siku hiyohiyo aandikiwe rufaa.